Mwanaume Hasemi, Mwanamke Hasikilizwi

Mkonze ni kata ya pembezoni mwa Jiji la Dodoma, na kila mwaka mji unazidi kuisogelea. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, viwanja vimepimwa, kuta zimenyanyuka na mashamba ya mtama na uwele yamebaki vipande vipande kati ya nyumba mpya. Wenyeji Wagogo wanasalimiana "mbukwenyi" mbele ya mageti ya watumishi waliotoka Bukoba, Tanga na Mbeya. Kila mmoja amekuja na mila za kwao, lakini lipo jambo ambalo huwasikii wakilibishania: kwamba wanawake ndio wenye hisia na maneno mengi, na wanaume ndio wenye kutulia na kufikiri. Utalisikia saluni, utalisikia kijiwe cha bodaboda, utalisikia hata kwenye mafundisho ya ndoa kanisani.

Dai hilo lina madhara kuliko linavyoonekana. Ndilo linaloamua nani aaminiwe ugomvi unapofika kwa balozi, nani aambiwe "tulia kwanza, mama" na nani aulizwe "kwani baba, wamekufanyaje?" Mama akipandisha sauti gengeni, watu husema ndivyo alivyo. Baba akipandisha sauti palepale, watu hutafuta kilichomuudhi. Nayaandika haya kwa sababu nadhani tumekubali kwa urahisi mno jambo ambalo lingeweza kupimwa, na ambalo kwa kweli limeshapimwa.

Mmoja wa waliolipima ni mwanasaikolojia wa Marekani, Lisa Feldman Barrett. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika kwa wanafunzi wa chuo, wasichana kwa wavulana. Kwanza kila mmoja aliulizwa ajieleze kwa jumla: hisia zako zina nguvu kiasi gani? Kisha kwa wiki nzima alitakiwa kujaza fomu kila alipomaliza mazungumzo ya dakika kumi au zaidi, aeleze alivyojisikia katika mazungumzo hayo. Walipojieleza kwa jumla, wasichana walisema wana hisia kali kuliko wavulana. Lakini fomu zilizojazwa papo kwa papo, mazungumzo yakiwa bado mabichi, hazikuonyesha tofauti hiyo. Furaha, hasira na huzuni vilikaribiana kwa pande zote mbili. Tofauti ilijitokeza pale mtu alipokaa pembeni ya tukio na kujitazama, akajieleza kama alivyolelewa kuamini kwamba watu wa jinsia yake ndivyo walivyo.

Mwaka 2009 Barrett alirudi na mwenzake, Eliza Bliss-Moreau, safari hii wakichunguza jicho la anayetazama. Washiriki walionyeshwa picha za nyuso za wanaume na wanawake zenye hasira, hofu au huzuni, kila picha ikiwa na maelezo mafupi ya kilichomsibu mtu yule. Kwamba amekaripiwa na bosi, kwa mfano. Baadaye walionyeshwa nyuso zilezile bila maelezo, wakatakiwa kuamua haraka: huyu ni mtu wa hisia, au amekumbwa na siku mbaya? Sababu za wote zilikuwa zimeshatolewa. Hata hivyo, mwanamke ndiye aliyehukumiwa mara nyingi zaidi kuwa mtu wa hisia, na mwanaume akaonewa huruma kwa siku yake mbaya. Nilipousoma utafiti huo nililikumbuka genge la Mkonze mara moja.

Na hayo maneno mengi? Kitabu kimoja kilichouzwa sana Marekani mwaka 2006 kilidai kwamba mwanamke hutamka maneno 20,000 kwa siku na mwanaume 7,000. Takwimu hiyo ilienea duniani kote, ingawa haikuwa na utafiti wowote nyuma yake. Mwanasaikolojia Matthias Mehl alikuwa tayari na kifaa cha kulijibu dai hilo: kinasa sauti kidogo kinachobebwa na mshiriki, kinachojiwasha chenyewe kwa sekunde 30 kila baada ya dakika kumi na mbili na nusu, bila mbebaji kujua kimewaka saa ngapi. Kwa wanafunzi 396 wa Marekani na Mexico, wanawake walikadiriwa kutamka maneno 16,215 kwa siku na wanaume 15,669. Kati ya wanaume wenyewe kwa wenyewe, tofauti ya msemaji sana na mkimya ilikuwa ya maelfu kwa maelfu. Tofauti ya maneno mia tano na ushee kati ya jinsia haikuwa na maana kitakwimu. Mwaka 2025 watafiti walirudia kazi hiyo kwa watu 2,197 wa rika nyingi. Wanawake wa umri wa miaka 25 hadi 64 walionekana kuwazidi wanaume kwa maneno kama elfu tatu kwa siku, na katika rika nyingine hakukuwa na pengo la maana. Huo ndio umri wa kulea watoto, na nadhani mama yeyote mwenye mtoto wa miaka miwili anajua maneno hayo yanakwenda wapi.

Umbea nao umepimwa. Megan Robbins na Alexander Karan wa California walisikiliza vinasa sauti vya watu 467 na kuhesabu kila mara mtu alipomzungumzia mwingine asiyekuwepo. Wastani ulikuwa dakika 52 kwa siku, na karibu robo tatu ya mazungumzo hayo hayakuwa mabaya wala mazuri, ni habari tu: fulani kahama, fulani kajifungua. Wanawake waliwazidi wanaume katika habari hizi zisizo na ubaya. Katika kusengenya kwa ubaya hakukuwa na tofauti. Ukikaa kijiweni Mkonze saa nne asubuhi, abiria wakiwa wachache, hutahitaji kinasa sauti kuamini matokeo hayo.

Bado, hizo ni tafiti za mbali, na mwanafunzi wa chuo wa Marekani si mkulima wa Mkonze. Kazi iliyonigusa zaidi ilifanyika Dar es Salaam.

Profesa Sylvia Kaaya wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili ni daktari wa magonjwa ya akili ambaye kwa miaka mingi amechunguza sonona kwa wanawake wajawazito. Mwaka 2002 yeye na wenzake, akiwemo Dkt. Jessie Mbwambo, walichapisha matokeo ya kulijaribu dodoso maarufu duniani, linaloitwa Hopkins, kwa wajawazito wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Dodoso hilo linataja dalili moja baada ya nyingine, na mtu hujibu kwa namba: 1 kwa hapana kabisa, 2 kwa kidogo, hadi 4 kwa sana. Kisha huchukuliwa wastani. Kwingineko, wastani wa 1.75 ndio unaozoeleka kuwa mstari: ukiuvuka, unahesabiwa kuwa huenda una tatizo la kutazamwa na mtaalamu. Watafiti waliwapima baadhi ya wanawake hao pia kwa mahojiano ya kitabibu ili wajue nani kweli ana sonona, wakatafuta mstari unaofaa hapa kwetu. Kwa sehemu ya sonona, yenye maswali 15, walipata 1.06.

Naomba msomaji achukue kalamu. Mwanamke akijibu "hapana kabisa" kwa maswali yote 15, wastani wake ni 1. Akijibu "hapana kabisa" kwa maswali 14 na "kidogo" kwa swali moja tu, wastani wake ni 1.07. Ameshauvuka mstari. Neno moja, "kidogo", lililotamkwa mara moja mbele ya mgeni mwenye karatasi, lilitosha kuwa dalili ya kumtazama kwa makini. Kwa mstari wa 1.75, mwanamke huyo angerudishwa nyumbani akiwa ameandikwa mzima.

Kwangu hii ndiyo habari kubwa kuliko takwimu zote za maneno kwa siku. Tunaambiwa mwanamke ana hisia tele na hawezi kuzizuia, kumbe mwanamke huyuhuyu anapoulizwa rasmi juu ya moyo wake anajibu kwa uchache kiasi kwamba kipimo cha kimataifa kinampita bila kumwona. Tunajua inavyokuwa. Umeulizwa habari, unajibu nzuri. Ya msiba unaitaja baadaye, baada ya "ila," na kwa sauti ya chini. Kaaya na wenzake hawakuishia kuurekebisha mstari. Waliwasikiliza wajawazito wa Dar es Salaam wakisimulia dhiki kwa maneno yao, wakaunda dodoso lingine kutokana na masimulizi hayo. Katika utafiti wao wa wajawazito 787, uliochapishwa mwaka 2010, yaliyoambatana na sonona yalikuwa pamoja na kuwahi kuugua kabla, kutoridhika na uwezo wa kupata mahitaji ya msingi, na ugomvi na mwenzi. Ukiyatazama hayo mawili ya mwisho, mwanamke huyu ana sababu kama yule mwanaume wa siku mbaya. Hakuna aliyemuuliza mapema.

Karibu zaidi na sisi kuna Singida, nyanda hizihizi za kati, mvua ileile ya msimu mmoja, mtama uleule. Kuanzia mwaka 2016 Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na vyuo vya Cornell na Northwestern vya Marekani walifanya mradi katika vijiji 20. Nusu ya vijiji vilianza mara moja na nusu vikasubiri zamu. Katika kila kijiji kilichoanza, wanakijiji waliwachagua wakulima viongozi, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja, wakafundishwa kilimo cha kuchanganya mazao na mikunde, lishe ya watoto, na jambo ambalo miradi mingi ya kilimo hulikwepa: nani nyumbani anafanya kazi gani na nani anaamua. Kisha wakawatembelea majirani zao majumbani. Uzito na urefu wa watoto haukubadilika, na watafiti walilisema hilo wazi. Lakini milo ya watoto ilipata aina nyingi zaidi za chakula, njaa ndani ya kaya ikapungua, na hatari ya sonona kwa wanawake ikashuka. Sehemu ya unafuu huo wa moyo ilipitia kwenye chakula.

Sasa tazama tulichokwisha kukijua na tulikokipata. Muhimbili, wanawake wajawazito. Singida, akina mama wenye watoto wachanga. Mwanamke anaulizwa kwa sababu anakutwa kliniki, kadi yake ya uzazi ndiyo inayompa mtafiti mlango. Mwanaume wa Mkonze hana kliniki ya namna hiyo. Akifika ile ya mkewe, amefika kama msindikizaji, ataulizwa kuhusu damu yake na si kuhusu usingizi wake. Kutomuuliza kumegeuzwa kuwa ushahidi kwamba hana la kusema.

Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba, kwa hesabu ya dunia nzima, wanaume hufa kwa kujiua kwa kiwango kinachozidi mara mbili ya wanawake. Hapa kwetu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kwa hiyo aliyefika ukingoni akarudi ana sababu ya kuogopa polisi pamoja na majirani. Dodoma tuna jambo letu jingine la aibu. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe ipo jijini humu, na tangu mwaka 1927 imewapokea wagonjwa kutoka kila kona ya nchi. Badala ya kuwa fahari ya mji, jina lake limekuwa tusi. "Huyu wa Mirembe" husemwa stendi, husemwa darasani, na kijana wa Mkonze aliyeishi jirani na hospitali hiyo maisha yake yote hujifunza mapema kwamba kutaja mawazo yanayomzidi ni kujiitia jina hilo. Atasema amechoka. Atasema ana presha. Hayo mwanaume anaruhusiwa.

Wapo watakaosema ndivyo tulivyoumbwa. Lakini mwanaanthropolojia Carol Ember aliikuta hali ya kuvutia huko Oyugis, kwa Wajaluo wa Kenya, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1973. Kulikuwa na kaya zisizo na binti wa kutosha, ikabidi wavulana wapewe kazi za nyumbani zinazohesabiwa kuwa za kike. Wavulana hao walionekana kuwa na ugomvi na ubinafsi pungufu kuliko wenzao wasiofanya kazi hizo, hasa wale waliofanya kazi za ndani ya nyumba. Mgawanyo wa kazi ulikuwa umebadilishwa na idadi tu ya watoto waliozaliwa, na tabia ikafuata.

Tena babu zetu hawakuliacha jambo la hisia lijiendee lenyewe. Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika juu ya utani wa Wagogo kati ya koo na kati ya ndugu wa aina fulani. Kila Mtanzania anaijua kazi ya mtani msibani: anafika, anamwigiza marehemu, anadai vitu vyake, anawachekesha waliokuwa wakilia, na hakuna anayeweza kukasirika. Mtani amepewa leseni ya kusema kisichosemeka, na leseni hiyo hawapewi wanaume peke yao. Rigby aliandika pia kuhusu tambiko la Wagogo la kuondoa balaa, kama ugonjwa wa ng'ombe, ambapo wanawake walivaa mavazi ya kiume, wakashika mikuki, wakachunga mifugo na kuimba nyimbo za matusi ambazo siku nyingine zingewaletea aibu. Jamii ilipozidiwa na hofu, iliwakabidhi wanawake sauti ya kiume kwa muda, hadharani, kwa faida ya wote. Jamii inayoweza kupanga hivyo inajua vizuri kwamba nani aseme nini ni mpango wa watu.

Mpango wa leo wa kuyasemea ya nyumbani umeandikwa katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 101 kinataka mgogoro ufikishwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya kudai talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Hapo ndipo dai la wanawake wenye hisia na wanaume wenye akili linapopewa meno. Mke anasimulia miaka sita kwa mfululizo, na machozi yakimtoka wazee wanatazamana. Mume anasema sentensi tatu kavu: hanisikii, anashinda kwa mama yake, nimechoka. Ni rahisi sana kuzichukua sentensi tatu kuwa ukweli na machozi kuwa tabia.

Mtu aliyechunguza hali kama hiyo kwa uvumilivu mkubwa ni Susan Hirsch, aliyekaa katika mahakama za makadhi za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980, akarekodi kesi za ndoa na kuzichambua neno kwa neno. Kitabu chake kilitoka mwaka 1998. Kwenye mahakama hizo mume alitarajiwa kutamka, kwa kuwa neno lake la talaka linakamilika likitamkwa, na mke alitarajiwa kuvumilia na kutunza siri za nyumba. Lakini wadai wengi walikuwa wanawake, na mara nyingi walipata walichodai. Walikipata kwa kusimulia: siku ile alikuja saa ngapi, alisema nini, mtoto alikuwa wapi. Kila mmoja wao alilipa gharama ileile, kwani kuitoa siri ya nyumba mbele ya watu kulimfanya aonekane mke asiye na subira, hata pale kadhi alipompa haki yake. Sijasoma utafiti mwingine wa Afrika Mashariki unaoonyesha vizuri hivi kwamba kusema kunaweza kumsaidia mwanamke na kumchafulia jina kwa wakati mmoja.

Wajumbe wa baraza wa kata yoyote ya Dodoma wangeweza kufundishwa jambo hilo kwa siku moja. Mke akimaliza kulia aulizwe tarehe na matukio, kama mtu mwenye habari. Mume akimaliza sentensi zake tatu asiachwe aketi. Aulizwe analala vipi, anakula vipi, mara ya mwisho alicheka lini. Mathias Mnyampala, mshairi wetu wa Ihumwa, alitupa ngonjera, ambamo kila upande una zamu yake na hakuna aliyesifiwa kwa kunyamaza.

Na kuna kazi ya wanachuo. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kipo ndani ya jiji hili, kina walimu na wanafunzi wa saikolojia, na Mkonze ipo umbali wa nauli ya daladala. Kinachohitajika ni kile ambacho Kaaya aliwafanyia wajawazito wa Dar es Salaam, safari hii kwa wanaume: kuwasikiliza kwanza mnadani, kijiweni na kwenye kilabu cha pombe ya mtama, kuandika dodoso kutokana na yale wanayoyasema wenyewe, kisha kutafuta mstari unaowafaa, maana sina shaka "kidogo" ya mwanaume wa Kigogo nayo imebeba mengi. Aulizwe na kijana, kisha aulizwe na mtu mzima, maana baba wa miaka hamsini hatamjibu binti wa umri wa mwanawe kama atakavyomjibu mzee mwenzake. Aulizwe mwezi wa pili, ghala likiwa limekwisha na mtama haujakomaa, na aulizwe tena mwezi wa saba, baada ya mavuno. Mkewe aulizwe siku hizohizo, maswali hayohayo.